Manung'uniko ya Wajane na Maji ya Ziwa Letu
(Dominika ya Tano ya Pasaka, Mwaka A)



Wapendwa wasikilizaji, taifa la Mungu mlioko Kigoma mjini na Ujiji, nanyi nyote wa vigango vya mwambaoni, kuanzia Kagunga hadi Kalya, twawasalimu.

Somo la kwanza la leo, kutoka Kitabu cha Matendo ya Mitume, linatupeleka katika Kanisa changa la Yerusalemu. Tungetazamia kusikia habari za miujiza. Tunachosikia ni manung'uniko. Wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Mtakatifu Luka hakuona haya kuyaandika hayo.

Mitume Thenashara wangaliweza kuwanyamazisha wanung'unikaji kwa kuwaambia wawe na uvumilivu. Wangaliweza pia kukaa faraghani, wakapanga mambo, kisha wakatangaza. Hawakufanya hivyo. Waliwaita wanafunzi wote, wakaeleza shida ilivyo, wakataja sifa za watu wanaotakiwa, kisha wakawaachia wanafunzi wenyewe kuchagua. Wakachaguliwa saba. Ninyi makatekista, mkipata nafasi jioni ya leo, yasomeni tena majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Yaani waliokabidhiwa meza walitoka upande ule ule uliokuwa ukinung'unika.

Kwa nini twayasema haya leo? Kwa sababu mwambaoni kwetu pia kuna manung'uniko. Kila inapovuma habari kwamba sehemu ya maji itafungwa au itatengwa, swali la kwanza la watu si kama samaki watunzwe au wasitunzwe. Huuliza: nani ameulizwa?

Tuwe wa haki. Ziwa Tanganyika limechoka. Kila mvuvi mzee ajua kwamba dagaa na migebuka si kama zamani. Makokoro yamekokota hata vifaranga katika maji ya kina kifupi, na udongo wa vilima tulivyovikata miti huteremka na mvua ukafunika mawe ambamo samaki huzaliana. Lakini wataalamu wameonyesha pia kwamba maji ya juu yamezidi kupata joto, na kwa sababu hiyo rutuba iliyo kilindini haipandi vema kuwalisha samaki. Joto hilo halikuletwa na karabai ya mvuvi wa Kibirizi. Basi anayekuja kutunza ziwa asije kama hakimu aliyekwisha kumpata mkosaji.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale ilianzishwa mwaka 1985, na mpaka wake unaingia ziwani kama kilomita 1.6, ambako hairuhusiwi kuvua. Twashukuru kwamba maji yale yana samaki wa kuzaliana. Lakini tusisahau kwamba Watongwe waliishi katika milima ile kabla haijaitwa hifadhi, na wazee wao walizikwa humo. Kule Mtwara, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000. Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994 iliwapa wanavijiji nafasi ya kushirikishwa. Hata hivyo wengi wao walilalamika baadaye kwamba hawakuelewa walichokuwa wakikikubali, wala hawakujua mapema ni nyavu zipi zingekatazwa.

Na sisi wenyewe tuliona mwaka 2024, uvuvi ulipositishwa ziwani tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zenye ziwa hili. Kupumzisha ziwa ni jambo la busara. Hata shamba hupumzishwa. Lakini mwenye chombo anaweza kuwa na duka au ng'ombe. Mama anayenunua dagaa mwaloni asubuhi, akawaanika, akauza kilo chache ili alipe mkopo wa kikundi, yeye ataweka nini sufuriani kwa miezi mitatu? Huyo ndiye mjane wa somo letu. Na mara nyingi katika kamati huketi mwenye chombo.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba katika mashauri ya namna hii wenyeji wapewe nafasi ya pekee, kwa kuwa wao ndio wanaoyafikiria maisha yao na ya watoto wao mahali pale.

Nasi mapadre tusijitoe. Miaka mingi iliyopita, katika parokia moja tuliyoitumikia, tulizungushia uzio shamba la misheni ili mbuzi wasile miche. Usiku uzio uling'olewa. Tukaujenga tena, ukang'olewa tena. Tukahubiri juu ya wizi Dominika mbili mfululizo, na tulihubiri vikali! Ndipo bibi mmoja alipotungoja mlangoni baada ya Misa, akasema: “Baba Padri, hiyo ni njia yetu ya maji. Mngetuuliza, tungewaonyesha mahali pa kuweka lango.” Lango likawekwa. Miche ikakua, na hakuna aliyeugusa uzio tena.

Basi, ndugu wapendwa, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Si wa wazee wa baraza tu, wala si wa Wakristo peke yetu. Jirani zetu Waislamu wanalitegemea ziwa hili hili, na manung'uniko yao ni yetu. Habari ya kutenga maji ikifika kijijini, ombeni ramani ibandikwe mahali watu wanapopita. Ombeni ielezwe kwa lugha nyepesi maji yapi, kwa miezi mingapi, nyavu zipi, na mama wa dagaa atasaidiwaje. Aliyehudhuria asiandikwe kuwa amekubali kwa kuwa tu alitia sahihi ya mahudhurio.

Nawe katekista utakayeombwa kutangaza mkutano huo baada ya ibada, uliza kwanza umepangwa lini. Ukiwa ni saa tatu asubuhi wakati wa giza la mwezi, wavuvi wa taa watakuwa wamelala, wametoka ziwani alfajiri, na akinamama watakuwa chanjani wakigeuza dagaa. Mwendee mwenyekiti kwa heshima, umwombe auweke alasiri, katika siku za mbalamwezi, ambapo vyombo vimepumzika pwani.