Mlango Siku ya Theluji

Masomo: Mezali 31:21, Matendo ya Mitume 28:1-10, 2 Timoteo 4:9-21



Leo tunataka kusema juu ya theluji. Tunajua wengine watashangaa. Hapa Bunia tunajua mvua, tunajua vumbi, tunajua baridi ya asubuhi inayotutoa mikono mifukoni kwa shida. Theluji yetu iko mbali. Wale waliosafiri upande wa Beni na Mutwanga wameiona juu ya Ruwenzori, pale kilele kinapofika mita 5,109, siku ambayo mawingu yamefunguka. Tunaiangalia kwa mbali, tunamsifu Muumba kama anavyofanya mwenye Zaburi ya 147, kisha tunaendelea na safari.

Lakini wako ndugu zetu ambao hawaiangalii kwa mbali. Wanaishi ndani yake. Ni wale waliokimbia vita, wakavuka Ziwa Albert au mpaka mwingine, wakakaa miaka katika kambi kama Kyangwali kule Uganda au Nyarugusu kule Tanzania, kisha wakapelekwa Marekani. Karibu kila kanisa la mji huu lina jamaa kule. Wengine walipelekwa katika mji unaoitwa Buffalo, katika jimbo la New York. Si mji mkubwa kwa hesabu ya Marekani, una watu wasiofika 300,000. Uko kando ya ziwa linaloitwa Erie, ambalo ni kubwa karibu mara tano kuliko Ziwa Albert letu. Upepo wa baridi kali unapopita juu ya maji ya ziwa lile, unabeba unyevu, na ukifika nchi kavu unaumwaga kama theluji.

Tarehe 23 Desemba 2022, siku ya Ijumaa, dhoruba iliushika mji ule. Upepo ulipita kilometa 110 kwa saa. Kwa saa 37 mfululizo mtu hakuweza kuona mbele yake. Kwenye uwanja wa ndege walipima theluji karibu sentimita 132, yaani kifua cha mtu mzima. Amri ya kuzuia magari barabarani ilitoka asubuhi ile ile, wakati wengi walikuwa wamekwisha kwenda kazini. Nyumba elfu nyingi zilikosa umeme, na mashine za kupasha nyumba joto zikazimika. Watu walipiga simu kuomba msaada, lakini magari ya wagonjwa na ya zimamoto nayo yalinasa. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengine katika magari yao, wengine barabarani, wengine katika nyumba zao wenyewe. Ilikuwa Noeli.

Katika hao waliokufa alikuwako kijana mmoja wa Kongo yetu. Alikimbia vita huku, akaenda kuanza maisha kule. Waliomjua walisema ni mtu ambaye ukipata shida unampigia simu, naye anakuja. Mke wake alikuwa na mimba kubwa. Siku ya mkesha wa Noeli alitoka ndani ya dhoruba ile kwa ajili ya mahitaji, na hakurudi akiwa hai. Mtoto wake alizaliwa bila kumwona baba.

Wapendwa, tusikimbilie kutafuta maelezo ya kifo kile. Wako wahubiri ambao wangesema imani yake ilikuwa ndogo, au kulikuwa na laana ya ukoo. Sisi hatutasema hivyo. Yakobo aliuawa kwa upanga, Petro akatolewa gerezani na malaika, na yote mawili yako katika sura moja ya Matendo, sura ya 12. Kanisa liliomba katika mlango ule ule. Mtu aliyekufa akitenda mema hana deni kwetu la kujieleza. Deni liko kwetu sisi tuliobaki. Tujiulize: siku ya baridi, nani anabaki hai, na kwa nini?

Tusikie habari nyingine mbili za siku zile zile, ambazo zilitangazwa sana kule.

Ya kwanza ni ya fundi mmoja wa magari. Alitoka kwenda kumsaidia rafiki, gari lake likanasa. Njiani akapokea ndani ya gari watu wawili asiowajua, mmoja wao ni mama mzee. Akatoka kwa miguu kupiga hodi kwenye nyumba za watu. Akaahidi kulipa dola 500 ili walale chini sakafuni tu. Alipiga hodi kwenye nyumba kumi. Zote kumi zilimkatalia. Wakalala ndani ya gari. Kesho yake, petroli ikiwa inakwisha, akaona jengo la shule lililofungwa. Akavunja dirisha, akaingia, akafungua mlango kutoka ndani, kisha akarudi kwenye theluji kutafuta wengine walionasa. Watu zaidi ya 20 wakaokoka ndani ya shule ile. Wakala chakula cha wanafunzi, wakasafisha, naye akaacha barua ya kuomba radhi kwa dirisha. Polisi hawakumshitaki. Walimtafuta ili wamshukuru.

Ya pili ni ya mama mmoja mwenye watoto. Alisikia mtu analia nje. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 60, mwenye akili kama za mtoto, amepotea, mikono imeganda na barafu. Mama yule hakumjua. Walimbeba wakamwingiza ndani, akayeyusha barafu mikononi mwake kwa mashine ya kukaushia nywele. Alipopiga simu na msaada haukuja, aliita watu kupitia simu yake, Facebook, akilia hadharani. Majirani wasiojulikana wakaja na gari la kusukuma theluji, wakafungua njia mpaka hospitalini. Mzee yule aliishi.

Mnaona, wapendwa? Dhoruba ilikuwa ile ile kwa wote. Kwa wengi, tofauti ilikuwa mlango. Sasa tufungue Maandiko.

Katika Matendo sura ya 28, Paulo na wenzake wametoka katika meli iliyovunjika. Walikuwa watu 276, wamelowa maji, mvua inanyesha, baridi inawashika. Ndani yao kuna askari na wafungwa. Luka anaandika kwamba watu wa kisiwa kile, watu wa lugha nyingine na wasioijua Injili bado, waliwafanyia wema usio wa kawaida: waliwasha moto, wakawakaribisha wote. Tushike neno hilo, wote. Hawakuchagua nani ni mfungwa na nani ni huru, nani wa kabila gani. Tena tumtazame Paulo. Mtume mkubwa, aliyeona malaika usiku akiwa baharini, hakukaa akingoja kuhudumiwa. Aliokota kuni. Baadaye ndipo miujiza ikafuata, na baba yake Publio akapona. Moto na kuni zilitangulia, na uponyaji ukafuata.

Wapendwa, hapa Bunia hatuna theluji, lakini tuna watu wanaolala katika baridi. Tangu vita vilipoanza tena katika Djugu mwishoni mwa 2017, wamekuja kwetu na mizigo kichwani. Wako Kigonze, wako katika nyumba za jamaa, wengine wanane katika chumba kimoja. Mvua ya usiku inapopiga bashi lililochanika, mama anabeba mtoto begani mpaka asubuhi, kwa sababu chini ni maji. Mtoto yule akishikwa na kikohozi, tunasema ni malaria. Mara nyingine ni baridi tu.

Tunapiga kelele juu ya zile nyumba kumi za Buffalo. Lakini tuwaelewe kabla ya kuwahukumu. Waliogopa. Ilikuwa usiku, mtu hawamjui, nani ajuaye ana nini? Sisi tunaijua hofu hiyo kuliko wao. Mji huu umeona watu wakibishwa hodi usiku na wakauawa. Tena tunayo hofu nyingine ambao hatuisemi kanisani: mtu anapotaja jina lake, tunasikiliza ni jina la kabila gani. Hatutataja kabila hapa. Kila mmoja wetu anajua ni lipi moyo wake umeliandika juu ya mlango kwa maneno haya, usiingie.

Hatuwaambii mfungue mlango usiku wa manane kwa kila anayebisha. Hekima ni ya Mungu pia. Tunasema jambo hili: mlango wa usiku hufunguliwa mchana. Ukimjua jirani mchana, utaitambua sauti yake usiku. Ndiyo maana Paulo, katika barua yake ya pili kwa Timoteo, anaomba aletewe joho lake aliloliacha Troa, na anamwambia Timoteo ajitahidi kufika kabla ya siku za baridi. Kabla. Na yule mama wa Mezali 31 haiogopi theluji, si kwa sababu ana ujasiri wa maneno, bali kwa sababu nyumba yake yote ilikwisha kuvikwa. Alishona wakati jua linawaka.

Basi tufanye nini? Mambo manne.

La kwanza, ufunguo wa kanisa. Nani anao usiku? Katika makanisa yetu mengi jibu ni mtu mmoja, anayeishi kartie nyingine. Nyumba ya Mungu inafungwa kwa kufuli kubwa, na mbele yake mama amejikinga mvua chini ya ukingo wa bati. Tusingoje mtu avunje dirisha letu. Wazee wa kanisa waketi wiki hii, wachague watu watatu wanaokaa karibu, waaminifu, wapewe ufunguo. Chefu wa avenyu na mlinzi wajulishwe majina yao. Mvua kubwa ikija usiku, au watu wakikimbia, wajue pa kugonga.

La pili, orodha ya walio peke yao. Mashemasi waandike wajane, wazee, wagonjwa, na familia za wakimbizi wa vita zilizo karibu, hata wasio wa kanisa letu. Kila kikundi cha maombi kichukue nyumba mbili. Tusiende na Biblia tu, twende na sweta na kipande cha bashi. Tena tuwafundishe: mbabula ya makala isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa ili kupasha joto. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini.

La tatu, simu zetu. Tunapowapigia jamaa walio Marekani, neno la kwanza ni nini? Mara nyingi ni masomo ya mtoto, au matanga, au bati la nyumba. Yeye anasikiliza huku amevaa koti mbili, ametoka kazini usiku, analipa gezi ya kupasha nyumba, na tangu ahamie hajabisha hodi kwa jirani hata mmoja. Kwetu ikiwa saa kumi na mbili asubuhi siku za Noeli, kwao Buffalo ni saa tano usiku. Wiki hii kila mmoja apige simu moja isiyoomba kitu. Amwulize: unakaa karibu na nani? Dhoruba ikija, utagonga wapi? Una kanisa? Kisha aombe pamoja naye. Kwa mtu aliye mbali, sauti ya nyumbani nayo ni moto.

La nne, Jumapili ijayo kila familia ilete blanketi moja au nguo moja ya baridi, nzima, iliyofuliwa. Tusilete ile tuliyotaka kutupa. Kwa maana Bwana alisema, katika Matayo 25, kwamba mgeni yule aliyekaribishwa na mtu yule aliyevikwa ni yeye mwenyewe.

Kwa kumalizia, tukumbuke kwamba Bwana wetu naye alikuja hodi zikakataliwa. Mama yake akiwa karibu kuzaa, hapakuwa na nafasi. Hata leo, katika Ufunuo 3:20, anasimama mlangoni na kubisha. Tumekuwa tukilihubiri andiko lile kama habari ya moyo tu, nalo ni la moyo kweli. Lakini Bwana anayebisha moyoni ndiye yule anayebisha kwenye bati letu wakati wa mvua, mwenye lugha nyingine, amelowa, ana mtoto mgongoni.

Tuombe. Ee Bwana, mlinde ndugu yetu katika theluji. Umfariji mjane na yatima wake. Utupe kuni mikononi na ufunguo usio mbali. Ondoa hofu iliyoandikwa juu ya milango yetu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.