Mawazo Yetu Mbele ya Mungu
(Mafundisho yaliyotolewa na katekista kwa matayarisho ya Yubilei)



Katika siku hizi za Yubilei ya miaka 50 tunahesabu kazi za mikono: kanisa lililojengwa, watoto waliobatizwa, ndoa zilizobarikiwa. Ni vema. Lakini iko kazi nyingine isiyoandikwa katika kitabu chochote cha parokia, nayo ni ile inayofanyika ndani ya mtu, katika mawazo yake. Juu ya hiyo tumeombwa kusema.

Tukumbuke namna tunavyoungama dhambi mbele ya Mungu na mbele ya ndugu. Tunataja mawazo kwanza, kisha maneno, kisha matendo, na mwisho yale tuliyoacha kutenda. Kanisa halikupanga hivyo bure. Tendo ni mtoto, na wazo ndilo mama yake. Bwana wetu Yezu alifundisha vilevile katika Injili ya Marko, sura ya 7: mtu hachafuliwi na chakula kinachoingia kinywani, bali na yale yanayotoka moyoni mwake, na alipoyahesabu maovu hayo, alianza na mawazo mabaya, ndipo akataja wizi na uuaji.

Hapa wakristu wengi wanahangaika, wakiuliza: «Ikiwa wazo baya limenijia hata katika sala, nimekwisha kutenda dhambi?» Sivyo. Wazo ni kama mtu anayepiga hodi usiku. Hatuwezi kumzuia asipige hodi. Lakini ni sisi tunaofungua mlango, tunampa kiti, tunampikia, na kesho yake amekuwa mwenye nyumba. Dhambi inaanza pale tunapokubali, siyo pale tunapojaribiwa. Maana Bwana wetu mwenyewe alijaribiwa jangwani, naye hakuwa na dhambi.

Tutoe mfano mmoja unaotuumiza. Mtoto anakufa ghafula katika mtaa. Wazo linapiga hodi: «Huyu amelogwa.» Malaria, maji machafu, kuchelewa kufika hospitali, sababu hizo hazimtulizi mwenye uchungu, basi wazo linapewa kiti. Usiku wa kilio linakuwa neno la kunong'onezana: «Yule mama mzee, jirani, hakutoa machozi.» Asubuhi neno linakuwa shtaka. Jioni vijana wanaokota mawe. Na kati yao wako wabatizwa, waliopeana amani kanisani siku ya Mungu iliyopita. Hakuna hata mmoja aliyeamka akitaka kuua. Kila mmoja alikaribisha wazo tu. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini uzima wa mtu ukibomolewa, hakuna fundi wa kuujenga tena.

Tufanye nini basi? Kila wazo tuliulize maswali mawili, kama wazee walivyomwuliza msafiri wasiyemjua: unatoka wapi, na unakwenda wapi? Mtakatifu Inyasi wa Loyola alijifunza hivyo mwaka 1521, alipovunjika mguu katika vita vya Pamplona akalala siku nyingi kitandani. Alipowaza sifa za vita na heshima za wakubwa, alifurahi, lakini baadaye moyo ulibaki mkavu. Alipowaza kufuata mwenendo wa watakatifu, alifurahi pia, na furaha ile ilidumu. Akatambua kwamba wazo linajulikana kwa kile linachoacha nyuma yake. Nasi tujiulize kila jioni kabla ya kulala: leo tulimfungulia nani mlango? Ametuachia amani, ama uchungu?

Tena haitoshi kufukuza. Bwana alisema kwamba nyumba iliyofagiwa na kuachwa tupu, pepo anairudia pamoja na wenzake saba. Kwa hiyo Paulo Mtume aliwahimiza Wafilipi wayafikiri mambo ya kweli, ya haki na yaliyo safi. Mkristu anayesoma Neno nyumbani, anayesali rozari, anayeshiriki katika shirika lake, anaweka akiba kwa siku ya majaribu.

Akiba hiyo ilionekana kwa ndugu zetu wawili wa Kongo, ambao hawakuwa mapadri wala watawa. Mwenye heri Isidori Bakanja, kijana mfanyakazi, alipigwa kikatili kwa ajili ya imani yake, akafa tarehe 15 mwezi wa nane 1909, akiisha kumsamehe aliyeamuru apigwe. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, wa Goma, alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visipite mpakani na kuwadhuru watu. Aliwaza kwamba fedha itakwisha upesi, lakini wale watakaokula itakuwaje? Aliuawa mwezi wa saba 2007, akiwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenye heri huko Roma tarehe 15 mwezi wa sita 2025. Msamaha wa yule na uaminifu wa huyu havikuzaliwa siku ya mateso. Vilikuwa vimekaa ndani muda mrefu.

Ndugu wapenzi, kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaagiza kwamba katika mwaka wa 50 aliyeuzwa aachwe huru na kurudi kwao. Labda iko mtu tunayemfunga katika mawazo yetu: ndugu tuliyegombana naye juu ya shamba, jirani wa kabila lingine, mama mzee tunayemshuku. Tumfungue kabla ya sikukuu. Katika Misa ya desturi ya Kongo, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, tunasikiliza kwanza Neno, ndipo tunatubu, ndipo tunapeana amani, ndipo tunaleta matoleo. Mawazo yetu nayo yafuate njia hiyo.

Bikira Maria, aliyeyaweka yote moyoni mwake na kuyatafakari, atuombee. Amina.