MTAZAME MAMA KABLA HUJAMCHUKUA MTOTO

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa Karatu na Ngorongoro



Leo tunataka tuzungumze habari za mbwa. Msicheke. Tunajua wapo watakaosema, "Sisi tuna shida ya mvua na bei ya mbegu, ninyi mnatuletea habari za mbwa!" Ngojeni kidogo. Jambo hili linaweza kuokoa uhai wa mtoto katika nyumba yako.

Sote tunajua kazi ya mbwa. Huku Karatu, mahindi yakishabeba, nyani hutoka msituni na kuingia mashambani. Mkulima asiye na mbwa hushinda juani akipiga madebe. Kule Ngorongoro mbwa akibweka usiku ndipo wenye boma wanapojua kwamba fisi au chui amekaribia zizi. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola naye anataka mlinzi wa mazao yake. Basi watu hutafuta mtoto wa mbwa kila mara. Swali letu la leo ni hili: tumpate wapi, na kwa mtu gani?

Wengi wetu hatujiulizi. Tunamkuta kijana barabarani au mnadani, ana watoto wa mbwa ndani ya boksi. Tunamnyanyua mmoja. Ni mnene, ana rangi nzuri, anatikisa mkia. Tunatoa pesa, tunaondoka. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Sisi tunasema hivi: usianze na mtoto. Anza na mama yake, na mtu anayemfuga huyo mama.

KWA NINI TUNASEMA HIVYO

Ugonjwa wa kwanza wa kuogopa ni kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate. Mbwa mgonjwa akikuuma, akikuparura, au akilamba kidonda chako, anaweza kukuambukiza. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara mtu huyo hufa. Hospitali haina dawa ya kumponya. Lakini ugonjwa huu unazuilika kabisa, kwa mtu na kwa mbwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mbwa aliyeambukizwa haonyeshi dalili siku hiyo hiyo. Zinaweza kupita wiki kadhaa, au hata miezi, anakula na kucheza kama kawaida. Watoto wa mbwa nao wanaugua kichaa. Udogo si kinga. Tena mama mwenye kichaa anaweza kuwauma watoto wake mwenyewe.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia, "Mama yao alikufa juzi," usiitikie tu "Pole." Muulize alikufa kwa ugonjwa gani. Je, alikuwa mpole akageuka mkali? Alitokwa na udenda? Taya lililegea? Alitangatanga ovyo na kuuma hata miti? Kama majibu hayaeleweki, waache watoto hao, hata kama wanatolewa bure. Mtoaji taarifa mzuri atamweleza Bwana Mifugo au Bibi Mifugo siku hiyo hiyo.

Mnaona? Mtoto wa mbwa mnene hawezi kukueleza habari zake. Mama yake anaweza kukuonyesha, na mwenye mama anaweza kukueleza. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Mama akiwa mkali hata kwa watu wa nyumbani, au mwoga wa kujificha uvunguni, mara nyingi watoto hufuata mwendo huo.

NENDA NYUMBANI KWA MAMA

Usikubali kuletewa mtoto njiani. Funga safari mpaka nyumbani alikozaliwa. Ukifika, tazama mambo haya.

Kwanza, mama mwenyewe. Mama anayenyonyesha hukonda kidogo, hilo si ajabu. Lakini mbavu zikihesabika, ngozi ikiwa na upele, macho na pua vikitoa uchafu, ujue hatunzwi. Kadhalika uliza anazaa mara ngapi. Mbwa hubeba mimba kwa muda wa siku 63 hivi, na jike anaweza kupata joto kama mara mbili kwa mwaka. Mtu anayemzalisha kila mara bila kumpumzisha anatafuta pesa tu. Watoto wa mama aliyechoka huwa dhaifu.

Pili, mahali wanapolala. Je, pana kivuli, maji safi na nafasi? Au wamefungiwa kwenye uchafu pamoja na viroboto na kupe?

Tatu, chakula. Hapa tukae kidogo, maana sisi ni wafugaji. Tunapochinja ng'ombe, mbuzi au kondoo, wakati mwingine tunaona mifuko yenye maji katika ini au mapafu. Wengi huikata na kumtupia mbwa. Hiyo ni hatari. Ndani ya mifuko hiyo mna vijidudu vya minyoo aina ya tegu. Mbwa akivila, hukua tumboni mwake, na mayai ya tegu hutoka katika kinyesi. Mtoto wa mtu akicheza na mbwa huyo kisha akala bila kunawa, humeza mayai. Baada ya miaka, mifuko ile ile huota ndani ya ini au mapafu ya mtu, na huenda akahitaji kupasuliwa. Basi mwulize mwenye mbwa: matumbo na maini mabovu unayatupa wapi? Mfugaji mwema huyachoma au huyafukia chini sana. Tena huwapa mbwa wake dawa ya minyoo.

Nne, kadi ya chanjo. Hapa ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Usikubali kuambiwa "amechanjwa" kwa mdomo. Omba kadi, uisome mwenyewe. Tazama jina la chanjo, tarehe aliyochanjwa, tarehe ya kurudia, na sahihi ya mtaalamu wa mifugo. Mama aliyechanjwa huwapa watoto kinga fulani kwa maziwa yake ya kwanza. Kinga hiyo haidumu. Inakwisha baada ya wiki chache, ndipo mtoto mwenyewe anapohitaji kuchanjwa.

ASICHUKULIWE MAPEMA

Mtoto wa mbwa hufumbua macho akiwa na wiki mbili hivi. Asitoke kwa mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Katika wiki hizo hanyonyi tu, anafunzwa. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu hulia na kuacha mchezo. Akimng'ata mama, mama humkaripia. Hivyo hujifunza kuzuia meno. Anayetolewa akiwa na wiki 4 hukosa masomo hayo, na huyo ndiye anayekuja kuwang'ata watoto wako.

MFANO WA MAZUNGUMZO

Hebu tusome mazungumzo haya kwa sauti, watu wawili wawili.

Mnunuzi: Hodi hapa!
Mwenye mbwa: Karibu.
Mnunuzi: Shikamoo mzee.
Mwenye mbwa: Marahaba. Karibu kigoda.
Mnunuzi: Ahsante. Nimesikia mbwa wako amezaa.
Mwenye mbwa: Kweli amezaa. Wapo sita.
Mnunuzi: Naomba nimwone mama yao kwanza.
Mwenye mbwa: Yule pale chini ya mti. Usimsogelee haraka, ana watoto.
Mnunuzi: Amechanjwa?
Mwenye mbwa: Kadi hii hapa. Isome.
Mnunuzi: Naam, nimeona tarehe. Watoto wana umri gani?
Mwenye mbwa: Wiki tano. Rudi baada ya wiki tatu.
Mnunuzi: Lakini mzee, nimekuja na pesa yangu.
Mwenye mbwa: Pesa haimwachishi mtoto kunyonya. Na mimi nikuulize: unamtaka kwa kazi gani? Utamlisha nini? Nyumbani kuna watoto wadogo? Ukisafiri, nani atamtunza?

Mnunuzi mwingine akisikia maswali hayo hukasirika. "Nanunua kwa pesa yangu, huyu mzee ananihoji kama polisi!" Asikasirike. Mtu anayekuuliza hivyo ndiye unayemtafuta. Anajali mbwa wake wanakwenda wapi. Ukimpata anayesema, "Ukishindwa kumtunza, mrudishe kwangu, usimtupe," basi umefika.

Yule asiyeuliza lolote anataka boksi lake liishe tu. Watoto wasionunuliwa huwaacha hapo hapo mnadani. Ndio hao wanaogeuka mbwa koko wa kuzunguka majalalani, hawana mwenyewe wala chanjo.

Neno moja juu ya mbwa wa kigeni. Siku hizi wapo watu mjini wanaouza mbwa wakubwa wa Kijerumani kwa bei ya juu, na kumsifia kila mmoja kuwa ni wa damu safi. Ukimtaka huyo, masharti ni yale yale: umwone mama, na ikiwezekana baba. Fikiri pia chakula chake, maana anakula sana. Mbwa wetu wa kienyeji amezoea hali yetu. Akitunzwa vizuri hulinda vizuri.

MBWA MMOJA, HASARA YA WENGI

Wengine watasema, "Mbwa wangu ni shauri langu." Sivyo. Mwaka 1994 simba wapatao elfu moja walikufa Serengeti, yaani karibu theluthi moja ya simba wa huko. Waliuawa na ugonjwa wa mbwa unaoitwa distempa. Mbwa anayeugua distempa hutoa uchafu machoni na puani, hukohoa, huharisha, kisha hutetemeka na kuanguka kifafa. Wataalamu walipotafuta chanzo, waliona ugonjwa huo umehusiana na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Mwaka 2001 distempa iliwaua simba wa Kreta ya Ngorongoro pia.

Tunaishi mlangoni pa wanyama hao. Vijana wetu wengi wa Karatu hupata riziki kwa wageni wanaokuja kuwatazama. Kwa hiyo mbwa mmoja asiyechanjwa anaweza kuleta hasara kwa watu ambao hawajawahi hata kumwona.

UKISHAMLETA NYUMBANI

Mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo upesi. Atampa dawa ya minyoo na kukupangia chanjo. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu, halafu hurudiwa kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. Lakini kampeni ya chanjo ikija kijijini kabla ya hapo, mpeleke hata kama ni mdogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mbwa wa umri wote wachanjwe. Kijiji kikichanja angalau mbwa 70 katika kila 100, kichaa hukosa njia ya kuenea.

Mlishe, mpe maji, mjengee kibanda. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Anayepigwa kila siku hajifunzi kulinda, hujifunza kuogopa na kuuma. Tena Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama ni kosa. Kama hutaki azae, mwulize mtaalamu habari ya kumhasi.

Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata mdogo, fanyeni hivi. Osheni kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15. Msitie tumbaku wala majani. Kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo mkaombe chanjo, na mzimalize zote kwa tarehe zilizoandikwa. Msingoje kuona kama mbwa atakufa. Ukingoja dalili, umechelewa.

Ndugu zetu, wazee wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Tufanye vivyo hivyo. Tusisome gazeti na kulikunja. Atakayetafuta mbwa mwezi huu aanze kwa kuuliza: mama yake yuko wapi?

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtoto wa mbwa mnene na mchangamfu anaweza kuwa na ugonjwa?
2. Katika kijiji chetu, ni nani anayetunza jike wake vizuri? Tunaweza kujifunza nini kwake?
3. Tunapochinja, matumbo na maini mabovu tunayatupa wapi? Tufanye nini kuanzia sasa?
4. Kila mmoja alete kadi ya chanjo ya mbwa wake kwenye kikao kijacho, tuzisome pamoja. Asiye na kadi atamwona lini Bwana Mifugo?