Kisiwa ni Kisiwa, Rukuba ni Rukuba

Wazazi na walimu wa Rukuba, wasaidieni watoto kutofautisha nomino.

Kisiwa ni nomino ya kawaida, maana visiwa ni vingi. Rukuba ni nomino ya pekee: ni jina la kisiwa kimoja. Mji ni nomino ya kawaida. Musoma ni ya pekee.

Je, sangara? Kila samaki wa aina hiyo huitwa sangara. Basi ni nomino ya kawaida.

Nomino ya pekee huanza kwa herufi kubwa, popote ilipo katika sentensi.

Leo jioni, nendeni na mtoto mwaloni. Aandike: mtumbwi, wavu, dagaa. Kisha aandike majina ya mitumbwi yaliyochorwa ubavuni.

Kumbukeni: nomino ya pekee, herufi kubwa.