Kimya cha Kifaa si Ushahidi: Utafutaji wa Ndege AF447 na Maana Yake kwa Bahari Yetu

Mada niliyopewa ni pana, nami nitaibana kwenye ndege moja: Airbus A330 ya Air France, safari namba 447, iliyoanguka katika Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris na watu 228. Ilichukua karibu miaka miwili kupatikana, ilhali ililala kama kilomita 12 tu kutoka mahali pa mwisho ilipojulikana kuwapo.

Kinachoitwa kisanduku cheusi kwa kawaida ni viwili, tena vya rangi ya machungwa: kimoja hunasa sauti za chumba cha marubani, kingine mwenendo wa ndege. Kila kimoja hubeba kifaa cha mlio kinachoamka kikiingia majini. Wakati ule kilitakiwa kulia kwa siku 30. Mlio huo sikio la binadamu haliusikii, na hufika kilomita mbili tatu tu. Ndege hii ililala kwenye kina cha takriban mita 3,900. Kwa hiyo kifaa cha kusikilizia mlio hushushwa kwa kebo ndefu na kukokotwa polepole na meli. Ni kazi ya kuchosha, na siku 30 hazisubiri mtu.

Meli zilisikiliza, na nyambizi ya Ufaransa ikasikiliza. Hawakupata kitu. Nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika, na si kwa sababu ya uhaba wa mitambo. Eneo lililosikilizwa, ambalo ndilo lililokuwa na ndege, likahesabiwa kuwa tupu. Lakini hodi isiyoitikiwa haithibitishi kwamba nyumba haina mtu. Mwaka 2010 utafutaji ukaelekezwa kaskazini-magharibi kwa kufuata mikondo: miili na vipande vya kwanza viliopolewa tarehe 6 Juni, siku tano baada ya ajali, na wataalamu wakajaribu kukokotoa vilikotoka. Mikondo ya karibu na ikweta haina adabu. Wakarudi mikono mitupu.

Shirika la Ufaransa la kuchunguza ajali za ndege, BEA, liliwapa kazi wanahisabati wa kampuni ya Metron ya Marekani. Hawa hawakufuta eneo lolote moja kwa moja. Kila lililopekuliwa walilipunguzia uwezekano kulingana na uwezo wa kifaa kilichotumika, kisha wakauliza swali lililokwepwa: je, kama vifaa vyote viwili vya mlio vilikufa? Ramani ikageuka, na uwezekano mkubwa ukarudi karibu na pale pa mwisho. Machi 2011 roboti zilizoendeshwa na taasisi ya Woods Hole zilianza kupiga picha za sakafu kwa mawimbi ya sauti, na baada ya kama wiki moja mabaki yakaonekana kwenye uwanda wa tope. Mwanzoni mwa Mei vinasa vyote viwili vikaopolewa, na data zake zikasomeka.

Huku kwetu, ndege ya Yemenia iliyoanguka karibu na Komoro tarehe 30 Juni 2009 ilikuwa kwenye kina cha kama mita 1,200, na vinasa vyake viliopolewa Agosti mwaka huohuo. Kwa MH370 ya Malaysia, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014, bahari ilileta kipande cha bawa hadi Pemba, kikaokotwa Juni 2016. Kama mikondo ya siku tano iliwapoteza wataalamu, ya zaidi ya miaka miwili yaweza kuonyesha upande, si mahali.

Sasa vifaa vya mlio vinatakiwa kulia siku 90. Ni afueni, ila hoja yangu inabaki palepale. Napendekeza kila ripoti ya utafutaji katika nchi zetu ieleze, kwa kila eneo lililopekuliwa, kifaa gani kilitumika, kwa kina gani, na kina uwezekano gani wa kukosa kilichopo. Na wavuvi wanaookota vipande waombwe kuandika tarehe na mahali, na wasikwangue makombe yaliyoshikamana navyo, kwani nayo huchunguzwa.