Kabla ya Kufunga Mota kwenye Baiskeli ya Kukunja

Maelezo yaliyotolewa kwa walaji wa Nshamba, Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera



Mada yetu ni baiskeli ya kukunja, pamoja na vifaa vya umeme vinavyouzwa ili kuigeuza iwe baiskeli ya mota.

Sababu ya watu kuvitamani vifaa hivi haihitaji maelezo marefu katika nchi ya Ihangiro, ambayo ni nchi ya migongo na mabonde. Baiskeli ya kukunja huingia ndani ya hiace, na usiku huhifadhiwa chumbani, mbali na mwizi na mvua. Mwalimu au muuguzi anaweza kupanda gari hadi njia panda, kisha akamalizia safari kwa pedeli. Shida huanza mlimani. Mota inaahidi kuiondoa shida hiyo, na ahadi hiyo ni ya kweli kwa kiasi. Nia yetu leo ni kumwezesha mlaji kukipima kiasi hicho kabla fedha haijamtoka mfukoni.

Neno letu kuu ni hili: anayefunga mota hanunui mota peke yake. Ananunua betri, na hapo hapo anaibebesha fremu, foku na breki kazi ambazo hazikuundwa kuzifanya. Kwa hiyo maswali ya mnunuzi yaanzie kwenye betri na breki; kasi ije baadaye.

Tuanze na betri. Juu yake huandikwa namba mbili: volti na ampea-saa. Zizidishe, utapata wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kuhifadhi. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Uniti moja ya umeme unaonunua kwa LUKU ni wati-saa 1,000. Kwa hiyo betri hiyo hubeba zaidi kidogo ya theluthi moja ya uniti. Betri isiyo na namba hizi, au ambayo namba zake zimefutika, isinunuliwe.

Sasa tuipeleke betri hiyo mlimani. Chukua mtu, baiskeli na mzigo mdogo, jumla kilo 100. Kuupandisha uzito huo mita 100 kwenda juu kunahitaji wati-saa 27. Kwa kuwa mota na nyaya hupoteza sehemu ya umeme kwa joto, betri italazimika kutoa takriban wati-saa 40, ikiwa mwendeshaji hakanyagi pedeli. Maana yake, betri mpya ya wati-saa 360 itamalizwa na mipando tisa ya namna hiyo, kabla hatujahesabu hata kilomita moja ya njia tambarare. Uzito ukifika kilo 150, mipando hiyo inabaki sita. Na mwendeshaji anayekanyaga pedeli anaiongezea betri yake safari.

Tunaitoa hesabu hii kwa sababu matangazo mengi hutaja kilomita tu. Mkiambiwa kwamba betri ya wati-saa 360 inakwenda kilomita 60, gawanyeni: ni wati-saa 6 kwa kila kilomita. Hilo linawezekana kwenye njia tambarare, bila mzigo, na mwendeshaji akisaidia kwa miguu. Migongo ya Muleba haikuwemo katika hesabu ya mtangazaji. Mwombe muuzaji akuruhusu kuupanda mlima unaoujua, ukiwa na mzigo unaoubeba kila siku, kabla hujalipa fedha yote.

Upande wa gharama, wengi hujiuliza bei ya umeme wa kuchaji. Umeme si gharama kubwa. Hata kama uniti moja ingekuwa shilingi 400, kuijaza betri tuliyoitaja hakufiki shilingi 200. Gharama imejificha ndani ya betri yenyewe. Watengenezaji wengi hutaja maisha ya betri ya lithiamu kuwa chaji 500 hadi 1,000, na baada ya hapo uwezo wake huwa umepungua. Tuseme betri imenunuliwa kwa shilingi 500,000 na ikachajiwa mara 500. Kila chaji imekula shilingi 1,000 za betri, nje ya umeme. Fanyeni hesabu hiyo kwa bei mtakayotajiwa, kisha mlinganishe na nauli mnayolipa sasa. Wapo watakaoona faida. Wapo watakaoona ni heri wabaki na hiace.

Tunakuja kwenye baiskeli yenyewe. Si kila baiskeli ya kukunja inafaa kufungwa mota. Vifaa vingi huja na gurudumu la mbele lenye mota katikati yake. Foku ya kawaida ina nafasi ya milimita 100 ya kupokea ekseli ya gurudumu hilo, ilhali baadhi ya baiskeli za kukunja zina milimita 74 tu. Pima kwa rula kabla ya kuagiza. Fundi akikuambia ataipanua foku kwa nguvu ili gurudumu liingie, mshukuru na uondoke na baiskeli yako. Foku iliyopanuliwa inaweza kukatika mteremkoni. Mhimize pia afunge chuma cha kuizuia ekseli isizunguke, hasa foku ikiwa ya aluminiamu, kwa maana mota inapovuta, ekseli nayo hutaka kujizungusha hadi ichomoke.

Angalieni vilevile bawaba, mahali baiskeli inapokunjwa. Nyaya zinazopita hapo ziachwe na ulegevu wa kutosha, la sivyo zitabanwa na kuchunika. Kabla hujatoka kwa fundi, ikunje na kuikunjua mara kumi mbele yake, kisha mkague pamoja.

Kuna pia suala la uzito. Kampuni ya Brompton ya Uingereza, mashuhuri kwa baiskeli za kukunja, huweka ukomo wa kilo 110 kwa mwendeshaji na mzigo wake. Mtu wa kilo 70 akibeba mikungu miwili ya ndizi yenye kilo 25 kila mmoja, amekwisha kuuvuka ukomo huo. Mota haiongezi nguvu ya fremu. Inakuwezesha tu kufika na mzigo mzito mahali ambapo miguu yako ingekataa. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Jinja nchini Uganda, shirika la FABIO limeshiriki kuleta baiskeli ya umeme iitwayo AfricroozE. Baiskeli hiyo iliundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mizigo. Mwenye biashara ya ndizi au kahawa atafute chombo cha aina hiyo, na baiskeli ya kukunja aiachie safari ya mtu mmoja na mkoba wake.

Kila mpando una mteremko wake. Mwendo ukitoka kilomita 20 kwa saa hadi 30, kazi ya breki huongezeka zaidi ya mara mbili. Ongeza uzito wa betri na mota, ongeza mvua zetu zinazolowesha rimu na kudhoofisha breki za mpira, kisha ukumbuke kwamba chini ya mteremko kuna watoto wanaotoka shule. Kwa hiyo fedha ya kwanza itumike kubadilisha mipira na waya za breki. Asiyeweza kuimudu gharama hiyo hajawa tayari kununua mota.

Kuhusu nguvu ya mota, nchi za Umoja wa Ulaya zinaweza kutupa kipimo. Huko, ili baiskeli ya umeme ihesabiwe kuwa baiskeli ya kawaida, mota yake haizidi wati 250 kwa kazi ya mfululizo, na msaada wake hukoma mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Mota ya wati 1,000 kwenye gurudumu la inchi 20 ni hatari kwa mnunuzi. Na anayefikiria mota inayokwenda bila pedeli kukanyagwa aulize kwanza polisi wa usalama barabarani na ofisi ya TRA iwapo chombo chake kitahitaji kusajiliwa. Muuzaji si msemaji wa sheria.

Sasa moto. Katika jiji la New York, mwaka 2023 pekee, watu 18 walifariki katika mioto iliyosababishwa na betri za lithiamu, na mwezi Septemba mwaka huo sheria ilianza kuzuia uuzaji wa baiskeli za umeme na betri zisizothibitishwa usalama wake. Jijini London nako zimamoto wameonya mara kwa mara kuhusu baiskeli zilizofungwa mota baadaye na betri za asili isiyojulikana. Hapa kwetu, ambapo baiskeli na mwenyewe hulala chumba kimoja, onyo hilo lina uzito wake. Tumia chaja iliyokuja na betri hiyo. Usichaji ukiwa umelala, wala karibu na mlango unaoutegemea kutokea. Usinunue betri iliyoungwa kwa seli za kompyuta za zamani na kuzungushiwa gundi ya karatasi. Betri iliyovimba, iliyoanguka kwa kishindo au iliyoingia maji isichajiwe tena. Ikianza kutoa moshi, toeni watu nje kwanza, kisha pigeni 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji.

Mwisho, haki zenu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora na uwezo wa bidhaa. Ili sheria ikusaidie, uwe na ushahidi. Dai risiti ya EFD. Dai dhamana ya maandishi inayotaja betri, mota, chaja na kazi ya fundi kila kimoja kwa jina lake, maana mara nyingi dhamana huandikwa kwa mota, kifaa kinachodumu, na kuiacha betri, kifaa kinachochakaa. Hifadhi tangazo lililokuvutia, hata kama lilikuja kwa simu. Bidhaa ikiwa na kasoro, acha kuitumia, mwandikie muuzaji na ubaki na nakala. Asipokusikiliza, peleka lalamiko Tume ya Ushindani. Na kama shaka yako ni ya ubora au usalama, Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS.

Hatukuja kuwakatisha tamaa. Baiskeli nzuri, yenye breki nzuri na betri ya kuaminika, inaweza kumpa muuguzi wa zahanati saa moja zaidi kila siku na kumfikisha kazini bila kuchoka. Lakini mlaji akipewa jibu la haraka kuhusu kasi, na kimya kuhusu betri, akunje baiskeli yake na kurudi nayo nyumbani. Fedha iliyobaki mfukoni bado ni yake.