Mchezaji wa Kuhama Timu na Nakala ya Mkataba Wake



Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, mambo mawili huenda pamoja huku kwetu Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu. Mashambani mashine za salfa zinanguruma tangu alfajiri, watu wanapambana na ubwiriunga kabla haujala maua ya mikorosho. Redioni na kwenye simu zetu gumzo ni usajili: nani kaenda Simba kule Msimbazi, nani kaenda Yanga kule Jangwani, nani kavunjiwa benki. Leo naomba tuwaache hao wakubwa kidogo. Nataka kumzungumzia mchezaji ambaye picha yake haisambai. Anasaini mwaka mmoja Mbeya, mwaka unaofuata yuko Bukoba, dirisha dogo linamkuta Mtwara, na msimu ukiisha anaambiwa asante, tafuta timu. Huyo ndiye anayeijaza ligi yetu.

Sisi mashabiki tuna majina mabaya ya kumwita. Tunasema hana msimamo, anapenda pesa, ameisha. Mimi nasema tunamkosea.

Mtazameni Mrisho Ngasa, yule Anko. Mtoto wa Mwanza, akaanza kung'ara Kagera Sugar, akaenda Yanga. Mwaka 2009 alifanya majaribio West Ham ya Uingereza. Mwaka 2010 Azam walimchukua kwa shilingi milioni 58, dau lililozungumzwa nchi nzima. Julai 2011 alikuwa Marekani kwa majaribio Seattle Sounders, akaingizwa uwanjani kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Manchester United. Akacheza Simba kwa mkopo, akarudi Yanga, na mwaka 2014 akawa miongoni mwa wafungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na mabao 6. Kisha Free State Stars ya Afrika Kusini, kisha Fanja ya Oman, kisha Mbeya City. Halafu akaja kwetu, Ndanda FC.

Wana Kuchele, mashabiki wa Ndanda, mnakumbuka. Timu iliyobeba jina la Ndanda yetu ya Masasi, ikipigia mechi zake Mtwara, Uwanja wa Nangwanda Sijaona, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na ikadumu humo hadi iliposhuka mwaka 2020. Mtu aliyekwishacheza dhidi ya Manchester United akavaa jezi ya Ndanda, kwenye timu inayopigania isishuke daraja. Wapo waliosema ameporomoka. Mwaka 2018 Yanga wakamrudisha nyumbani. Angekaa kijiweni akisubiri timu kubwa imkumbuke, nani angemwona? Wahenga walishasema, mtembea bure si mkaa bure.

Mwingine ni Juma Kaseja, kipa wa Kigoma. Moro United, Simba, Yanga, Simba tena, Yanga tena, Mbeya City, Kagera Sugar, KMC. Wengi walishamzika kisoka. Septemba 2019, akiwa kipa wa KMC, akasimama tena golini mwa Taifa Stars pale Dar es Salaam, na Burundi ikatolewa kwa mikwaju ya penalti katika mbio za kufuzu Kombe la Dunia. Kipa aliyeonekana wa kupita tu ndiye aliyekuwepo taifa lilipomhitaji.

Kwa hiyo kuhama timu si aibu. Ni kazi, na ina jasho lake. Aibu iko kwingine, na ndiko ninakotaka twende.

Ngasa na Kaseja walikuwa na majina. Jina linamlinda mtu. Kiongozi anajua akimdhulumu, magazeti yataandika. Sasa mchukue kijana wa Mkuti au wa Kitangali ambaye hana jina. Tukio lenyewe mara nyingi huwa hivi. Ni usiku, dirisha linafungwa kesho. Kijana yuko kwenye chumba cha hoteli na viongozi wawili. Fomu iko mezani, imekunjwa mpaka ukurasa wa mwisho. Anaoneshwa mahali pa kuweka sahihi. Pesa ya usajili anaambiwa nusu leo, nusu ikifika Oktoba. Mshahara unatajwa kwa mdomo. Nyumba, matibabu, bonasi, hayo tutaongea. Anasaini, anapewa jezi, anapigwa picha akiwa ameshikana mkono na mwenyekiti. Kijana anatoka na picha. Mkataba unatoka na mwenyekiti.

Oktoba inafika, nusu ya pili haiji. Desemba goti linauma, anaambiwa ajitibu. Msimu unaisha anadai mishahara, na akienda kudai anaulizwa: mkataba wako uko wapi?

Msikilizaji, sisi watu wa korosho hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa nje. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, mkulima wa Masasi au wa Newala hashushi gunia kwenye AMCOS, chama chake cha ushirika, akaondoka mikono mitupu. Korosho zinapimwa mbele yake, daraja linaandikwa, kilo zinaandikwa, anapewa karatasi yake. Malipo yakichelewa baada ya mnada anapiga kelele, na ana haki ya kupiga kelele, kwa sababu karatasi iko mfukoni. Lakini mkulima huyo huyo anamruhusu mwanawe aende kuuza miguu yake bila hata kipande cha karatasi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Kanuni za FIFA zinasema klabu isipomlipa mchezaji mishahara ya miezi 2, anaweza kuiandikia notisi ya siku 15, na ikiendelea kukaa kimya ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa mkataba unaozidi miaka 3. TFF ina Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, na wachezaji wana chama chao, SPUTANZA. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya mchango huo. Lakini milango yote hiyo mtu anaigonga akiwa na nakala mkononi.

Sasa nageukia vilabu vyetu vidogo, na walimu wa mpira mnaofundisha watoto jioni kwenye viwanja vya vumbi bila malipo. Ninyi pia mnapoteza haki yenu. FIFA imeweka fungu la mshikamano: mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hizo inagawiwa kwa vilabu vilivyomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu inapata robo ya asilimia moja. Kuanzia miaka 16, nusu ya asilimia. Tupige hesabu. Kijana aliyelelewa na klabu moja ya Newala tangu miaka 12 hadi 18 akiuzwa kwa dola 100,000, klabu hiyo inastahili dola 2,500. Hizo ni mipira, nyavu, jezi na nauli za ligi ya mkoa, na bado zinabaki.

Lakini hailipwi klabu ambayo haimo kwenye kumbukumbu za usajili. Mtoto akicheza miaka hiyo yote bila kusajiliwa, kwa FIFA hakuwahi kucheza Newala. Atahesabiwa kuwa alianzia Dar es Salaam, kwenye timu ya kwanza iliyomwandika, na fungu litakwenda huko.

Basi nina maombi matatu. Viongozi wa vyama vya soka vya wilaya, Masasi na Newala, wasaidieni walimu wa vituo kuwasajili watoto kabla ligi ya vijana haijaanza. Msisubiri kijana awe nyota ndipo mtafute majina. Wazazi, mtoto akiitwa kusaini, aende na mtu mzima anayesoma, na asome kila ukurasa, kuanzia wa kwanza. Pesa ya usajili, mshahara, tarehe ya kulipwa, matibabu, nyumba: kisichoandikwa, kihesabuni kuwa hakipo.

Na wewe kijana uliyeshika daluga zako ukisubiri simu ya timu yoyote, nenda. Nenda Songea, nenda Bukoba, nenda Oman ukipata, wala usimwonee haya mtu kwa kuhama. Ila usiinuke kwenye kiti cha kusainia kabla hujapewa nakala yako. Wakikataa kukupa, hao hawajakusajili, wamekuazima bure.